Zawadi kwa wa Kwanza, Kumbatio kwa Wote



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tunaipenda sana siku ya fainali, hasa tukiwa upande ulioshinda. Lakini ukiitazama vizuri ina swali zito ndani yake. Huko kukubali kushindwa kunatoka wapi? Mtoto huzaliwa nako, au hufundishwa? Na kama hufundishwa, mbona wengi wetu tumelelewa katika nyumba za wacha Mungu, tukapita madrasa na shule, tukafika chuo kikuu, na bado goli moja la dakika za mwisho linatosha kututoa matusi mdomoni ilhali udhu wa Alasiri haujakauka?

Nimeona tulijadili jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunafundisha watoto wa madrasa siku za Jumamosi na Jumapili, na wengine wanasomea ualimu. Pili, inshaallah, si muda mrefu tutakuwa wazazi. Watoto watatuuliza kwa macho yao, kabla hawajauliza kwa midomo, mtu aliyeshindwa afanye nini. Ni vizuri tuwe na jibu.

Mshindwa wa kwanza duniani

Katika Suratul-Maida, kuanzia aya ya 27, Qur'ani inatusimulia habari za wana wawili wa Adam, ambao wafasiri huwaita Habil na Qabil. Kila mmoja alitoa sadaka. Ya mmoja ikakubaliwa, ya mwingine haikukubaliwa. Hapakuwa na dhuluma katika hukumu ile, kwa kuwa mwamuzi alikuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe. Njia ilikuwa wazi kwa yule aliyekosa: ajirekebishe, atoe sadaka nyingine kwa moyo safi zaidi. Yeye akaona dawa ni kumwondoa aliyefaulu.

Hebu tulifikirie jambo hili. Damu ya kwanza ya mwanadamu katika simulizi hii haikumwagwa kwa ajili ya chakula, wala ardhi, wala ufalme. Ilimwagwa na mtu aliyeshindwa ambaye hakuweza kuvumilia kumwona ndugu yake ameshinda.

Tukienda Suratu Yusuf tunakuta mchezo wenyewe umetajwa. Ndugu zake Yusuf walimwomba baba yao amruhusu mdogo wao aende nao akacheze. Walipomrudia jioni wakilia, walisema walikuwa wakishindana mbio, wakamwacha Yusuf kwenye vyombo vyao, mbwa mwitu akamla. Mchezo ulikuwa kisingizio. Chini yake kulikuwa na jambo la siku nyingi: waliamini kwamba Yusuf na nduguye wanapendwa na baba kuliko wao. Walijiona wameshindwa nyumbani, katika mapenzi ya mzazi, na kushindwa huko ndiko walikokosa namna ya kukubeba.

Kutokana na visa hivi viwili napata hoja ya kwanza ya makala hii. Mtoto anayelia, anayerusha mpira vichakani au anayempiga mwenzake baada ya kufungwa, mara nyingi halilii goli. Analilia thamani yake. Ameelewa, kutoka mahali fulani, kwamba aliyeshindwa hapendwi. Basi kabla ya kumwambia mtoto "acha kulia, ni mchezo tu", tujiulize ni nani aliyemfundisha kwamba si mchezo tu.

Tabia hufundishwa?

Wako wanaosema: tabia ni ya kuzaliwa nayo, mpole ni mpole na mkorofi ni mkorofi, hakuna cha kubadilisha. Imam Al-Ghazali aliijibu hoja hii karne nyingi zilizopita katika Ihya. Alisema kwamba lau tabia zisingebadilika, basi mawaidha na malezi yote yangekuwa kazi bure. Na akatoa mfano wa wanyama: ndege wa kuwinda hufugwa akatii, mbwa hufundishwa, farasi mkali hutulizwa. Vipi basi mwanadamu aliyepewa akili ashindikane?

Lakini pia hatukatai kwamba watu wametofautiana katika maumbile. Al-Ashajj wa kabila la Abdul-Qays alisifiwa na Mtume (S.A.W.) kwa upole na utulivu, na katika riwaya ya Abu Dawud aliuliza kama sifa hizo amezichuma mwenyewe au ameumbwa nazo. Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyemuumba nazo. Upande wa pili, imepokewa pia kwamba upole hupatikana kwa kujilazimisha upole, kama vile elimu inavyopatikana kwa kujifunza. Hakuna mgongano hapa. Kuna mtoto aliyepewa mtaji, na kuna mtoto anayepaswa kuanza biashara bila mtaji. Wote wawili wanaweza kufika sokoni. Huyu wa pili anahitaji tu msaada mkubwa zaidi wa mzazi na mwalimu, na ujira wake huenda ukawa mkubwa zaidi.

Hapa pana swali gumu kidogo. Ikiwa mtoto anampa mkono mshindi kwa sababu mwalimu amesimama na fimbo, je, huo ni wema? Jibu langu ni kwamba bado si wema, ila ni mlango wake. Mtoto wa miaka saba huamrishwa swala kabla hajaijua khushui. Mwili hutangulia, moyo hufuata. Hatari ni pale tunapoishia kwenye mwili: tukaridhika na mkono uliotolewa, tusijali jicho lililokunjwa. Mtoto aliyefundishwa adabu kwa kuogopa fimbo tu ataiacha adabu siku fimbo itakapoondoka, na siku hiyo kwa kawaida ndiyo siku anayoingia bweni la chuo kikuu.

Nyumbani: jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoshindana

Watu wengi hudhani dini inatutaka tuwe wakavu. Sira inasema vingine. Amepokea Abu Dawud kwamba Mama Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini, akamshinda. Siku zikapita, mwili wake ukaongezeka, wakashindana tena, na mara hii Mtume (S.A.W.) ndiye aliyeshinda, akamtania kwamba ushindi huu unalipa ule.

Yapo mafunzo mengi katika kisa hiki kifupi. Mtume wa Mwenyezi Mungu alishindwa na mkewe kijana, na heshima yake haikupungua hata chembe. Hakuona haja ya kujitetea. Na katika mara ya pili hakuona aibu kushinda. Neno lake la utani linatuonyesha kwamba waliuchukulia ushindani ule kwa mapenzi.

Kuna wazazi wanaojishindwisha makusudi kila siku ili mtoto afurahi. Kwa mtoto wa miaka mitatu hakuna ubaya. Huo ni mchezo wa mapenzi. Lakini mtoto wa miaka tisa anayeshinda kila mara kwa kupewa hajifunzi kushinda wala kushindwa. Mtume (S.A.W.) alimwonya mama mmoja aliyemwita mwanawe kwa kumwahidi kitu, kwamba lau asingempa chochote angeandikiwa uongo. Ikiwa ahadi ya tende moja kwa mtoto ina uzito huo, basi na sifa tunazowapa watoto tuziangalie. Ushindi wa bandia ni aina ya ahadi ambayo dunia haitaitimiza.

Katika Musnad ya Imam Ahmad kuna riwaya ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote hili. Mtume (S.A.W.) aliwapanga mstari watoto wa ami yake Abbas, Abdullah na Ubaydullah na wenzao, akawaambia atakayemfikia kwanza atapata kitu fulani. Wakatimua mbio, wakamfikia, wakamwangukia mgongoni na kifuani, naye akawabusu na kuwakumbatia.

Zingatia mambo mawili. Shindano lilikuwa la kweli: aliahidiwa zawadi wa kwanza, hakuahidiwa kila mtu. Lakini kumbatio halikuwa na nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Mtoto aliyechelewa alikuta kifua kilekile. Hiyo ndiyo siri, ndugu zangu. Ukitoa zawadi kwa wote, umeua juhudi. Ukitoa kumbatio kwa wa kwanza peke yake, umezaa Qabil mdogo ndani ya nyumba yako.

Basi tuache ile lugha ya "mtazame mwenzako" na "kaka yako umri huu alikuwa anaongoza darasa". An-Nu'man bin Bashir (R.A.) anatusimulia jinsi baba yake alivyotaka kumpa zawadi yeye peke yake, akamwendea Mtume (S.A.W.) awe shahidi. Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo. Alipojibu hapana, alikataa kuishuhudia, akawaamuru wamche Mwenyezi Mungu na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Ikiwa uadilifu unatakiwa katika mali, je, katika sura ya uso tunayowaonyesha watoto wanapoingia na ripoti za shule?

Shuleni: mwalimu yuko upande gani?

Tunajua shule zetu hapa Uganda zilivyo. Mwisho wa muhula mtoto anarudi na karatasi yenye nafasi yake darasani. Matokeo ya mtihani wa kumaliza darasa la saba yakitoka, picha za waliofaulu sana zinajaa magazetini, na wazazi wa wengine hukwepa kuulizwa na majirani. Na tusizilaumu shule peke yake. Mashindano yetu ya kuhifadhi Qur'ani nayo wakati mwingine humwacha mtoto aliyesahau aya moja akishuka jukwaani peke yake, uso umeinama, bila mtu wa kumpokea. Mtoto amebeba juzuu tano kifuani, na anarudi kwao akijiona hana kitu.

Sisemi mashindano yafutwe. Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi, na Abdullah bin Umar (R.A.) alikuwa miongoni mwa walioshindana. Qur'ani yenyewe inatuamrisha kushindana katika mambo ya kheri. Ninachosema ni kwamba mwenye kusimamia shindano ana wajibu kwa pande zote mbili.

Bukhari amepokea kutoka kwa Salama bin Al-Akwa' (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale. Akawahimiza, akasema yeye yuko pamoja na upande mmoja alioutaja. Upande wa pili ukasimamisha mikono. Akawauliza kwa nini hawatupi, wakasema watatupaje na yeye yuko pamoja na wale. Hapo akawaambia watupe, naye yuko pamoja nao wote.

Tazama hisia ya wale watu! Walikuwa watu wazima, wapiga mishale, na bado mikono ililegea walipoona mkubwa wao hayuko upande wao. Itakuwaje kwa mtoto wa darasa la tatu anayemsikia mwalimu akishangilia timu ya upande wa pili? Na tazama dawa ilivyokuwa nyepesi. Mchezo haukusimamishwa wala mishale haikukusanywa. Lilitosha neno moja la kuwafanya wote wajue kwamba mkubwa ni wao wote.

Katika madrasa ninayosaidia kufundisha, ustadhi wetu ana kawaida moja wakati wa mpira. Mchezo ukiisha, kabla ya kurudi darasani, kila mtoto anamtaja mchezaji mmoja wa upande wa pili na jambo zuri alilolifanya. Mwanzoni walitaja kwa kunung'unika: "amekimbia", "ana viatu vizuri". Baada ya wiki kadhaa walianza kutaja mambo ambayo hata mimi sikuyaona: kwamba fulani alimwinua aliyeanguka, kwamba kipa alikiri mpira umevuka mstari ilhali mwamuzi hakuona. Macho yao yalijifunza kumtazama mpinzani kwa namna nyingine. Haikugharimu hata shilingi.

Na wale walimu wanaoona kwamba mchezo ni kupoteza muda wakumbuke alichosema Al-Ghazali: mtoto aruhusiwe kucheza mchezo mzuri baada ya masomo, kwani kumzuia kabisa na kumchosha kwa kusoma daima huua moyo wake na kuzima akili yake.

Je, mtoto mpole hataonewa?

Hapa ndipo wazazi wengi wanapogoma, na hoja yao si ndogo. "Dunia ni ngumu," wanasema. "Nikimlea mwanangu kwa upole, wenzake watamfanya ngazi. Mimi namwambia: ukipigwa usije kulia kwangu, rudi ukapige." Na mtu mwenye kusoma Qur'ani anaweza kuongeza: hata Habil alikuwa mpole, na akauawa.

Ni kweli aliuawa. Tusilifiche jambo hili, kwani wema hauna dhamana ya kushinda hapa duniani. Lakini angalia Qur'ani inavyotoa hukumu. Baada ya mauaji, aliyeelezwa kuwa miongoni mwa waliopata hasara ni muuaji. Aliyebaki uwanjani ndiye aliyeshindwa. Anayemfundisha mwanawe kwamba hasara kubwa ni kupigwa amempa kipimo kisicho cha Qur'ani.

Pili, upole si kukubali dhuluma. Mtume (S.A.W.) alituamrisha tumsaidie ndugu yetu awe mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa, na alipoulizwa vipi atasaidiwa dhalimu, alifafanua kwamba ni kwa kumzuia na dhuluma yake. Mtoto mpole afundishwe kusema "hapana" kwa sauti inayosikika, kumwita mwalimu bila kuona haya, kusimama mbele ya mnyonge anayechekwa. Hayo yote yanahitaji nguvu. Na nguvu yenyewe Mtume (S.A.W.) aliifafanua katika hadithi mashuhuri ya Bukhari na Muslim: mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa mieleka, ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Kumbuka kwamba hakuikataza mieleka. Alisema tu kwamba kuna pambano kubwa kuliko hilo.

Tatu, anayempeleka mtoto arudi akapige hajui pambano litaishia wapi. Leo ni ngumi, kesho ni jiwe, na kesho kutwa mtoto amekuwa mtu mzima asiyejua njia nyingine ya kumaliza ugomvi na mkewe.

Mbio za Kololo

Tarehe 26 Machi 2017, Kampala iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika katika uwanja wa Kololo. Kijana wetu Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, akiwa na miaka 20, aliongoza mbele ya watu wa nchi yake. Katika mzunguko wa mwisho nguvu zikamwishia. Wenzake wakampita mmoja baada ya mwingine, na akamaliza akiwa wa 30.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2019, alishinda mashindano hayohayo huko Aarhus, Denmark. Mwaka 2020 akavunja rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000. Kisha akapata dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 Tokyo, na ya mita 10,000 Paris mwaka 2024.

Simtaji kwa ajili ya medali. Wako wengi walioanguka na hawakupata medali yoyote baadaye, na kuanguka kwao kuna heshima ileile. Namtaja kwa sababu siku ile ya Kololo alimaliza. Mtu aliyekuwa akiongoza, amepitwa na watu 29 mbele ya majirani zake, angeweza kutoka pembeni akashika mguu. Aliufuata mstari mpaka mwisho. Watoto wetu tunawaonyesha picha za Paris. Tuwaonyeshe na Kololo.

Na sisi je?

Nimalizie na sisi wenyewe, maana watoto wanatutazama. Mdogo wako anayekaa karibu nawe kwenye ukumbi wa kutazama mpira anajifunza kutoka kwako anachostahili mwamuzi kuitwa. Na jambo moja limeiharibu sana hali yetu: vibanda vya kubeti. Kijana aliyeweka ada ya muhula kwenye matokeo ya mechi hawezi tena kumpongeza mshindi, kwa kuwa mshindi amemla. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratul-Maida, aya ya 91, kwamba shetani hutaka kutia uadui na chuki baina yetu kwa ulevi na kamari. Aya hiyo unaweza kuiona kwa macho yako Jumapili usiku nje ya kibanda chochote.

Ngamia wa Mtume (S.A.W.), Al-Adhbaa, alikuwa hapitwi. Siku moja bedui akaja na ngamia wake mdogo akampita, na jambo hilo likawa zito kwa Waislamu. Mtume (S.A.W.) alipoliona hilo nyusoni mwao aliwaeleza kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitu cha dunia kinachoinuka isipokuwa hukishusha. Maswahaba walikuwa watu, kushindwa kuliwauma. Hakuwakemea kwa kuumia. Aliwaonyesha tu kwamba kushuka ni sehemu ya kupanda, na kwamba asiyeshuka ni Mmoja tu.

Mtoto akilielewa hili mapema, atacheza kwa nguvu zake zote na hataogopa kupitwa. Atampa mkono aliyempita, naye atakapompita mwingine hatamcheka. Kazi yetu sisi, wazazi na walimu wa kesho, ni kusimama mwisho wa mstari mikono ikiwa wazi, na kubaki pale mpaka afike wa mwisho.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie nafsi zenye subira katika kushindwa na shukrani katika kushinda, na atutengenezee vizazi vyetu. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.